Gonga Chuma Nikusikie

Wakubwa wengine wa kazi nawakumbuka kwa sura zao. Mkaguzi namkumbuka kwa sikio. Lilikuwa sikio la kushoto, pana, lenye vinyweleo, na kila asubuhi saa moja alilisogeza kwenye spika ya simu ya upepo pale ofisini Mpanda, akafumba macho kama padri anayesikiliza maungamo. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, maana kituo changu cha Magamba kilikuwa karibu na mji na mara kwa mara niliitwa ofisini kujieleza, asubuhi hizo nikiwa nimesamehewa zamu ya kituoni. Sikumpenda wakati ule, na miaka iliyopita haijanilainisha hata kidogo.

Tulikuwa mabwana shamba wa chama cha ushirika, tumetawanywa wilaya nzima. Wengine walikuwa Katumba kwenye tumbaku, wengine Karema ziwani kwenye mpunga, wengine huko ambako lori likikwama masika unalala nalo. Katika kila kituo kulikuwa na mmoja wetu, baiskeli, simu ya upepo inayotumia betri ya gari, na chuma. Chuma kilikuwa rimu ya lori, au sahani ya plau, au kipande cha reli kilichobaki zamani, kimening'inizwa kwenye upenu wa ofisi. Tulikigonga kuwaita wakulima. Kikigongwa polepole ni mkutano, kikigongwa harakaharaka ni hatari, na hapo kila mtu anatoka mbio na ndoo, jembe au panga, kufuatana na anachokihofia zaidi.

Chuma hicho kilikuwa mali ya wakulima mpaka Mkaguzi alipokuja kukifanya kamba ya kutufungia sisi. Aliletwa miaka ile ambayo redandansi, yaani kupunguzwa kazini, lilikuwa neno la kila siku, ushirika ukiwa hoi na wanunuzi binafsi wakianza kuonekana na magari yao mapya. Wakubwa walitaka kujua nani apunguzwe. Mtu mwenye akili angekwenda kuangalia mashamba. Mkaguzi alikaa kitini akatuita kwa zamu, kituo baada ya kituo, na baada ya kuitikia mtu aliambiwa maneno yaleyale.

"Gonga chuma nikusikie, ova."

Hapo unakifunga kitufe cha mashine kwa mpira kibaki kimebonyezwa, unatoka nje, unagonga mara moja, unarudi. Yeye huko Mpanda anafumba macho. Alidai anazijua sauti za vyuma vyote, na kusema kweli alizijua. Aliwahi kutuambia kikaoni, kwa majivuno ya mtu aliyegundua dawa, kwamba sauti ya mtu inaigizwa lakini sauti ya chuma haiigizwi. Alipenda pia kusema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, kisha akaongeza yake, "Ndiyo maana mimi nimeirefusha fimbo." Nyoka ni sisi, kwa hiyo.

Usemi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa "Asiyekuwepo na lake halipo." Wahenga waliusema kwa maana yao. Yeye aliukamata akaufanya sheria ya ajira. Mtu akifiwa na mama yake, akaenda kuzika bila ruhusa, alipewa usemi huo. Mtu akilazwa kwa malaria, aliambiwa huohuo kitandani. Hata mke wake, mama mpole aliyekuwa akitukaribisha uji tulipokuja mjini, alituambia siku moja akicheka, "Huyu baba yenu hata wakati wa chakula anaita majina kwanza." Tulicheka naye, lakini tuliporudi barabarani hatukuwa na kicheko tena.

Mtu wa Karema ndiye aliyetuonyesha thamani ya sikio lile. Jamaa huyo alipenda ziwa kuliko mpunga. Alfajiri anapokuwa kwenye mtumbwi akivua samaki, wale migebuka, mke wake ndiye aliyekuwa anawasha mashine, anajikohoza kidogo, anaitikia kwa sauti nzito, anatoka nje kugonga rimu. Mama yule alikuwa na sauti nene kuliko mumewe. Sote tulijua, kwa sababu sote tulikuwa tunasikilizana kwenye mashine zetu, na hakuna aliyethubutu kusema. Mkaguzi alimsifu mtu wa Karema kikaoni. Alisema huyo ndiye mfanyakazi wa kuigwa, hajakosa hata asubuhi moja, ila ajitunze na mafua. Mtu wa Karema akainama kwa unyenyekevu. Kupunguzwa kulipokuja, hakuguswa, na nadhani ni haki, maana kituo kile kilikuwa na mfanyakazi mmoja mwaminifu kweli, ingawa hakuwa yeye.

Simu ya upepo haikumtosha. Alikuwa na pikipiki nyekundu ya ofisi, na akikaribia kituo alikuwa anazima injini juu ya kilima ili ashuke kimyakimya atukute tumelala. Alivaa koti la mvua hata kiangazi, nadhani alidhani linamficha. Siku moja akishuka hivyo mteremko wa kuingia Magamba, akaingia katikati ya ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wanavuka. Pikipiki ikaenda kivyake, koti kivyake. Nilifika pale mbio nikamkuta mchungaji, mzee mmoja mrefu, amemsimamia na fimbo yake.

"Mwanawane!" mzee akasema. "Pikipiki gani hii isiyolia? Sisi kwetu anayekuja kimyakimya ni fisi, au mwizi wa ng'ombe."

"Mimi ni mkaguzi," akasema Mkaguzi akiwa chini.

"Sawa baba. Basi kagua vizuri huko ulikokaa, kuna mavi."

Namshukuru mzee yule mpaka leo. Mkaguzi aliinuka, akajipangusa, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kwa nini mimi nipo barabarani badala ya kituoni.

Nisimkosee haki, kwa sababu hata mtu usiyemheshimu ana upande wake. Hakuwa mla rushwa. Wakulima wa Katumba walimpelekea jogoo, akamrudisha mwenyewe kwa pikipiki, jogoo amefungwa nyuma anapiga kelele njia nzima, na siku hiyo hata kuzima injini kusingemsaidia. Hakuwahi kuchukua jani la tumbaku la mtu wala lita ya mafuta ya ofisi. Kwenye misiba alifika wa kwanza akaondoka wa mwisho. Lakini hata msibani alikaa karibu na njia, akigeuza shingo kila mtu alipoingia, na kesho yake angekuambia nani hakuja. Aliyekufa hakumshughulisha sana. Wakati mwingine nilijiuliza kama alijua hata jina la marehemu. Uaminifu wa namna hiyo sijui niuite nini. Ni kama kisu kikali mkononi mwa mtu asiyejua nyama.

Na tumbaku hakuijua. Hilo ndilo lililonichoma. Tumbaku ya mvuke haiangalii saa ya ofisi. Jani linachumwa asubuhi mbichi, linafungwa kwenye vijiti, linapangwa ndani ya bani, yaani kile kibanda kirefu cha tofali chenye mabomba ya moto chini. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukipandisha joto upesi, jani linabaki kijani na halina bei. Ukichelewa kufungua matundu ya hewa, linachemka na kuwa jeusi. Lazima mtu anayejua aingie alfajiri, anuse, ashike jani, aseme funga hapa, fungua pale. Bwana shamba wa maana saa moja asubuhi hayuko ofisini. Yuko ndani ya bani la mtu, jasho linamtoka, ameshatoka bani la tatu. Kwa hiyo saa ya Mkaguzi iliwakuta kituoni wavivu wote, na kuwakosa wote waliokuwa kazini.

Kati ya sisi sote aliyekuwa anajua jani kuliko wote alikuwa dada Leokadia, bibi shamba wa Katumba. Mfipa, mwembamba, mcheshi, anaendesha baiskeli ya kiume kwa khanga mbili bila kuanguka. Wakulima wa Katumba, wakimbizi wa Burundi walioanza maisha pale kwa jembe na mikono, walimwita Mama Shamba na hawakuwasha bani bila yeye. Mshahara wake ulikuwa unasomesha wadogo zake wawili Sumbawanga, wazazi wakiwa wamekufa. Akipoteza kazi, wale watoto wanarudi nyumbani. Hilo alikuwa ametuambia wazi, na Mkaguzi alilijua, kwa sababu nilimwambia mimi.

Leokadia alijaribu kuitumikia saa ile. Alikuwa anatoka bani mbio kwa baiskeli, anafika kituoni anahema, anagonga kipande chake cha reli, kisha anarudi mbio kwenye bani. Nikamwambia, "Dada, mwambie mtu akugongee, kama Karema."

Akacheka. "Kaka, mimi nikianza kudanganya kwamba nipo, siku moja nitadanganya kwamba jani limeiva."

Msimu ule alikosa mara mbili. Mkaguzi akatangaza kwenye simu ya upepo, sote tukisikia, kwamba atakayekosa mara ya tatu jina lake litakuwa la kwanza kupelekwa kwa wakubwa. Hakumtaja. Hakukuwa na haja.

Niliona nisipokwenda kumsemea nitakuwa mbwa. Nikaingia ofisini kwake, nikasimama. "Mzee," nikamwambia, "nenda Katumba ukaione tumbaku ya Leokadia. Nenda uishike kwa mkono wako."

Alinitazama kwa huruma, yaani alinihurumia mimi. "Kijana wangu, sikutumwa kuangalia tumbaku. Nimetumwa kuangalia watu."

Nilitoka na hasira zangu. Kama angekuwa amewaangalia hao watu, nisingelalamika.

Asubuhi ya mara ya tatu nilikuwa Magamba, mbele ya mashine yangu kama kondoo. Sikujua kwamba huko Katumba bomba la moto limepasuka katika bani la mzee Nyandwi, na Leokadia yumo ndani na wenye bani wakiziba kwa udongo, kabla jani, lililokuwa limefikia rangi ya ndimu mbivu, halijageuka mkaa. Nilichosikia ni sauti ya Mpanda.

"Katumba, Katumba. Gonga chuma nikusikie, ova."

Upepo tu kwenye spika.

"Katumba. Kwa mara ya mwisho. Ova."

Mama Nyandwi, mke wa mzee huyo, alikuwa ametumwa kituoni kuchukua ndoo. Ndiye aliyekuwa anafagia ile ofisi kila jioni, kwa hiyo mashine aliijua, na maneno ya Mkaguzi aliyajua kwa moyo kama sote. Akaona Mama Shamba wake anapotea. Akabonyeza kitufe, akasema, "Nipo, ngoja," akakifunga kitufe kwa mpira, akatoka nje akashika nyundo. Ila mama wa watu alikuwa na hofu, na bani lake linaungua, na chuma kwake kilikuwa na kazi mbili tu. Hakugonga mara moja. Aligonga ya hatari, harakaharaka, kwa nguvu zote za mkulima.

Kijiji kizima kikatoka. Mama akarudi mbio ndani, kitufe kikiwa bado kimefungwa, na alichosikia Mkaguzi, na Karema, na mimi, na wilaya yote, ni umati unaingia ofisini.

"Kuna nini? Moto? Nyoka?"

"Mana yanje, Mungu wangu, tembo wamerudi?"

"Hapana jamani, nyie tokeni! Nagonga tu kwa ajili ya Mama Shamba!"

"Mama Shamba amepatwa na nini? Si yuko kule kwako kwenye bani?"

Nikashika kichwa. Kitufe kilipofunguliwa, ile sauti ikaja kwenye spika, tulivu, imeridhika.

"Katumba hayupo. Ova."

Baada ya muda pikipiki nyekundu ikapita mbele ya kituo changu kuelekea Katumba. Nikachukua baiskeli yangu nami nikamfuata kwa kadiri ya mapafu yangu. Nilipofika, Mkaguzi alikuwa anamsubiri Leokadia mlangoni pa bani, injini imeshazimwa kilimani kama kawaida, ingawa hakukuwa na mtu wa kumshtua, kijiji chote kilikuwa pale kwa Nyandwi kikipokezana ndoo. Walikuwa wameitikia ile hatari ya bure, wakaja kukuta hatari ya kweli, na wakaiokoa tumbaku. Leokadia alitoka bani amejaa masizi mpaka kwenye kope, na jani moja mkononi, la njano safi. Alilinyoosha mbele ya Mkaguzi kwa furaha. Alikuwa bado hajajua.

"Saa moja ulikuwa wapi?" Mkaguzi akamwuliza.

"Hapa, mzee. Tazama lilivyotoka."

"Hapa siyo kituoni."

Jani hakulitazama. Hakulipokea hata kwa adabu. Mzee Nyandwi akaja na kofia mkononi, akasema, "Mkubwa, huyu mama ametuokoa. Bila yeye mimi na watoto mwaka huu tunakula nini?" Mkaguzi akamjibu kwamba hilo ni suala jingine. Leokadia akatuangalia mmoja mmoja, kisha akaliweka lile jani juu ya tofali, polepole, akaenda kunawa.

Alipunguzwa kabla marobota ya msimu ule hayajapandishwa kwenye behewa. Mdogo wake mmoja alirudi kutoka Sumbawanga akashika jembe pale Katumba, na alikuwa na akili darasani, nilimfahamu. Wakulima walimpa Leokadia kipande cha shamba, wakaendelea kumwita kwenye mabani yao, wakimlipa kwa mahindi na kuku. Kituoni aliletwa mtu mwingine. Huyo alikuwepo. Alikuwepo kila asubuhi, anagonga reli kwa mpigo mmoja mzuri, anarudi ndani kulala.

Ushirika wenyewe ulikufa baadaye, na kuwepo kwetu hakukuusaidia. Sote tulipunguzwa, aliyesikiliza na aliyegonga. Wanasema siku samani za ofisi zinabebwa, Mkaguzi alikutwa amekaa kitini kwake tangu saa moja, ikabidi wamwombe asimame ili wachukue kiti. Wengine wanasimulia hilo kwa kumhurumia. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa.

Nilikuja kumwona tena miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nalima mwenyewe Magamba, nikasikia kuna mzee amekodi shamba ng'ambo ya kijito na kujenga bani. Asubuhi moja akaja kwangu kwa miguu, bila koti, amekonda, sikio linaonekana kubwa kuliko zamani.

"Kijana wangu," akasema, "njoo unitazamie kitu."

Nilikwenda. Harufu ilinipokea kabla ya bani lenyewe. Mbele ya mlango kulikuwa na kiti, na ardhi chini ya kiti ilikuwa imechimbika kwa visigino vya mtu aliyekaa muda mrefu. Vibarua wake walikuwa wamekaa kivulini, wametulia, watu waliozoea kuitwa majina. Nikafungua mlango. Tumbaku ya mwaka mzima ilikuwa inaning'inia mle ndani, nyeusi, imechemka. Nikaangalia juu. Matundu ya hewa yalikuwa yamefungwa vilevile yalivyojengwa.

"Mzee, hukumwita mtu anayejua?"

"Kabla sijawasha moto nilikwenda Katumba. Niliambiwa kuna mama fulani huko, fundi wa mabani. Nikafika saa moja kamili, sikumkuta. Eti yuko mashambani. Nikamsubiri, nikaondoka." Akatikisa kichwa. "Mtu mwenyewe hakai."

"Anaitwa Leokadia," nikasema.

"Ndiyo, walilitaja hilo."

"Humkumbuki? Leokadia wa Katumba?"

Akafumba macho. Nikaona sikio lile la kushoto linageuka kidogo, na uso wake ukalainika kama mtu aliyekutana na rafiki.

"Katumba," akasema. "Katumba ilikuwa kipande cha reli. Sauti nzuri sana ile."

Aliingia ndani ya bani, akachuma jani moja kutoka kwenye kijiti, likavunjika vidole vyake vilipoligusa. Akatoka nalo hadi kwenye mwanga, akalitazama, na nadhani lilikuwa jani la kwanza la tumbaku alilolitazama maishani mwake. Kisha akakaa kwenye kiti chake mbele ya mlango.

"Tangu moto ulipowashwa sijaondoka hapa," akasema. "Chakula nilimwambia mama alete hapahapa. Waulize hawa vibarua. Sasa niambie wewe uliyesomea, imeharibikaje, na mimi nilikuwepo?"